Nilimpa mwanangu dawa ya kuzuia kuharisha, kumbe alikuwa amefunga choo: yaliyonikuta

Wakuu, salaam kwenu, wazazi na mnaojiandaa kuwa wazazi.

Mimi humu ni msomaji wa kimya. Huwa napita jukwaa la magari, nasoma watu wanavyodanganyana kuhusu gearbox, nacheka, naondoka zangu.

Leo nimelazimika kuandika. Kuna dada jana ameuliza: mwanae ana siku ya sita hajapata choo na analia, aende hospitali au asubiri? Majibu niliyoyaona ni mpe papai, mpe mafuta ya nazi, msugue tumbo. Mmoja akamwambia asijali, watoto ndivyo walivyo.

Nilikuwa na kikombe cha chai mkononi, kikapoa.

Hii nitakayoandika ni kweli tupu, imenikuta mimi, na kuna sehemu nitajiaibisha mwenyewe. Kama uko mezani maliza kula kwanza, maana uzi mzima ni habari za kinyesi.

Twende.

Ni miaka ile biashara zilipofunguliwa, kila mtu anajaribu lake. Arusha ilikuwa inachemka. Kila kona duka la dawa, kila mtaa dispensari ya mtu binafsi, na shule za English medium zinafunguliwa kwenye nyumba ambazo mwaka uliopita zilikuwa za kupangisha.

Mimi ni Mchaga, nilikuwa na duka la spea Ngarenaro, tunaishi vyumba viwili nyuma ya duka. Kiingereza changu kilikuwa cha kusomea maboksi. Left, right, genuine, made in Japan. Basi.

Nikienda Nairobi kuchukua mzigo nilikuwa naongea kwa vidole. Siku moja muuzaji mmoja kule aliniigiza ninavyoongea mbele ya vijana wake, wakacheka mpaka wakashika kaunta. Nilirudi Arusha nimenuna njia nzima. Nikaapa mwanangu hatapitia hicho.

Mwanangu wa kwanza anaitwa Elibariki, sisi tunamwita Eli. Alikuwa na miaka sita. Nikampeleka shule moja ya English medium upande wa Olasiti, jina naliacha.

Pale kulikuwa na sheria: mtoto akiongea Kiswahili anavishwa kibao cha mbao shingoni, anakaa nacho mpaka amkamate mwenzake. Wengi wenu humu mmekivaa, msijifanye.

Mimi ile sheria niliipenda kuliko hata walimu. Nikaileta nyumbani. Nikatangaza kwamba kuanzia leo baba hasikii Kiswahili. Eli akisema "Baba, naomba maji," mimi natazama ukutani mpaka aseme "water please." Mke wangu Naomi akaniambia, "Baba Eli, unamfanya mtoto bubu." Nikamwambia atakuja kunishukuru.

Naomba mkumbuke hilo la ukuta, nitalirudia.

Muhula wa pili, Naomi akifua, akaanza kuona chupi za Eli zina madoa. Kidogo tu. Akadhani mtoto hajifuti vizuri. Baada ya wiki ikawa kila siku, na harufu juu. Ikaja barua ya shule kwamba mtoto ana running stomach, atibiwe.

Sasa hapo nani angewaza tofauti? Kitu ni majimaji, kinatoka bila taarifa, kinanuka. Anaharisha. Hata wewe unayesoma ungesema anaharisha.

Nikaenda duka la dawa. Kijana mwenye koti jeupe akanipa dawa ya kuzuia kuharisha. Siku mbili chupi safi kabisa! Tukafurahi. Siku ya tatu ikarudi kwa nguvu zaidi.

Naomi naye kwenye chakula akafanya yote aliyofundishwa na wakubwa. Maji ya wali, ndizi mbichi za kuchemsha, chai ya rangi kali. Tukakata maharage, mboga za majani, parachichi na papai, kwa sababu vinafungua tumbo, na tumbo letu lilikuwa wazi tayari.

Wataalamu wa afya mliomo humu najua mmeshashika vichwa.

Tukaenda dispensari. Kipimo kikaonyesha amoeba. Akameza dozi, akamaliza. Tukaenda nyingine, minyoo. Akameza dozi, akamaliza. Kila tulipopima alikuwa na kitu, na kila alichokuwa nacho kilitibiwa, na chupi ziko vilevile.

Wakuu, nilichanganyikiwa. Mimi ni mtu wa spea. Kwangu kitu kikivuja unatafuta panapovuja, unabadilisha, mchezo umeisha. Huyu mtoto sikujua panapovuja.

Kwanza, anaharisha halafu tumbo linazidi kuwa kubwa na gumu. Nimezoea anayeharisha tumbo linaingia ndani.

Pili, hali. Anakula vijiko vitatu, anasema "I am full." Mikono ikawa myembamba, Naomi akaacha kumvalisha mashati ya mikono mifupi ili watu wasimuone.

Tatu, kulikuwa na mchezo wake ambao sikuuelewa. Katikati ya kuchezea maboksi yangu dukani, anasimama ghafla, anaenda nyuma ya mlango, anashika pazia. Anasimama kwa vidole vya miguu, amekaza miguu yote miwili, jasho linamtoka puani. Dakika mbili. Halafu anarudi kuendelea na maboksi utadhani hakuna kitu. Mimi nikadhani ni mambo ya katuni. Ndiyo kwanza tulikuwa tumenunua TV.

Nne, nikimuuliza kama amejisaidia kwenye nguo anasema no. Na harufu ipo. Nikaona sasa huyu ameongeza na uongo.

Nikampiga.

Nilimpiga kwa kandambili, mara mbili kwa siku mbili tofauti. Mara ya pili alisahau sheria yangu, akalia kwa Kiswahili: "Baba sikusikia! Sikusikia ikitoka!" Nikamwambia kitu kama hicho mtu hawezi kuacha kukisikia.

Ni miaka mingi sasa na nimeandika sentensi hiyo nikaifuta mara tatu. Nimeona niiache.

Shule ikaniita. Watoto wenzake walikuwa wamehamisha madawati, yeye anakaa peke yake karibu na dirisha. Mkuu wa shule akaniambia kwa upole kabisa kwamba likizo hii nimtibu mtoto, na kama muhula ujao hali itakuwa hiyo hiyo nafasi yake atapewa mwingine.

Nilitoka pale sijui nawaza nini kwanza. Mtoto anakonda, shule inamtema, na mimi ninachojua ni kubadilisha dawa.

Likizo tukampeleka kwa bibi yake, mama yake Naomi, kule Olmotonyi kwenye migomba na kahawa. Tukaona hali ya hewa itamsaidia.

Hapa wakuu nisimame kidogo, kwa ambao si wa huku. Kwetu mkwe na mama mkwe hatuzoeani. Hatukai benchi moja, hatutaniani. Miaka yote tangu nimuoe Naomi, mimi na mama yake tulikuwa na mazungumzo matatu tu: shikamoo, mvua, na kahawa. Habari za chooni? Heri ningezitangaza kanisani.

Kwa hiyo bibi alipoona alichokiona, hakuweza kuniambia. Alimwambia Naomi, na Naomi akaniletea kipande.

"Mama anasema Eli haharishi."

"Anajuaje wakati vipimo tumepima sisi?"

"Hakunieleza zaidi. Kasema kesho kutwa uende mwenyewe."

Nikajua ni bibi anadekeza mjukuu. Jumamosi nikapita duka la dawa, nikachukua chupa nyingine, kijana akaniambia hii ni kali kuliko ile. Nikawasha pick-up, nikapanda Olmotonyi.

Nilimkuta bibi uani, amevaa kitenge chake cha kanisani ingawa ni Jumamosi. Eli amekaa kwenye kigoda, ameshika tumbo. Hakuja kunipokea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Hiyo chupa ni ya nini?"

Mama mkwe hajawahi kuniuliza swali la moja kwa moja. Nikamwambia ni dawa ya tumbo ya Eli.

Akageuka akatazama kahawa zake, akanipa mgongo. Ndipo akasema.

"Baba Eli, unisamehe. Leo nitaongea na wewe kama mtu asiye na adabu. Huyu mtoto amekaa kwangu siku nane. Chupi nafua mimi, kila siku chafu. Lakini chooni hajaenda siku saba zote. Jana ndiyo ameenda, nikamshika mkono, analia mpaka jirani akaja. Kimetoka kitu kama gunzi la hindi, kikavu, na damu juu yake. Mtoto wa miaka sita! Nikajiuliza, mtu anayeharisha anatoa gunzi?"

Nilikuwa natazama viatu vyangu, naona aibu na bado sielewi.

"Njoo," akasema, bado hanitazami.

Akanipeleka mpaka kwenye mfereji unaomwagilia migomba yake. Jiwe kubwa lilikuwa limeanguka katikati, matope na majani yamejazana nyuma yake.

"Mfereji umeziba. Maji yamekoma?"

Hayakuwa yamekoma. Yalikuwa yanapita pembeni ya jiwe, machafu, yanamwagika njiani.

"Hayo ndiyo ya kwenye chupi. Wewe unaziba maji. Jiwe liko palepale."

Wakuu, mtu wa spea nilielimishwa na mama mkwe, kwa mfereji, amenipa mgongo.

Jirani aliyekuja jana yake alikuwa ameshauri mtoto apigwe bomba la maji ya sabuni kwa nyuma. Bibi akakataa, akasema huko ndani kuna kidonda na hatujui kingine kilichopo, hii ni kazi ya daktari. Namshukuru mpaka leo, maana mimi kwa jinsi nilivyochanganyikiwa ningekubali chochote.

Tukashuka mjini saa hiyohiyo. Bibi akapanda mbele ya pick-up, Eli katikati yetu. Mama mkwe na mkwe kiti kimoja, mara ya kwanza na ya mwisho. Nikaendesha moja kwa moja mpaka hospitali.

Daktari alikuwa mama mtu mzima. Kitu cha kwanza, hakuomba kipimo. Alimlaza Eli, akapasha mikono yake joto kwa kuisugua, akamgusa tumbo taratibu. Akaushika mkono wangu akauweka upande wa kushoto chini. Nikasikia uvimbe mgumu.

"Unasikia? Hiki ni choo. Amejaa."

Nikamwambia, "Daktari, lakini anaharisha." Nilikuwa bado nang'ang'ania!

Akanieleza taratibu. Mtoto akiumia siku moja akienda chooni, anaogopa, anabana. Akibana choo kinakauka na kuwa kikubwa, siku akienda anaumia zaidi, anaogopa zaidi. Utumbo unatanuka mpaka hautoi tena ishara. Cha majimaji kinapita pembeni kinachafua nguo na mtoto hasikii kabisa.

"Hasikii?" nikauliza.

"Hasikii. Hafanyi makusudi."

Sikusikia baba, sikusikia ikitoka. Na ule mchezo wa nyuma ya mlango haukuwa mchezo, alikuwa anabana.

Akaniuliza maswali ambayo nilipaswa kujiuliza mimi miezi iliyopita. Anapata choo kizuri mara ngapi kwa wiki? Kuna damu? Anatapika? Tumbo limevimba? Amepungua uzito? Anachafua nguo wakati alishajua choo siku nyingi? Alipozaliwa alipata choo siku zilezile mbili za kwanza? Bibi ndiye alijibu mengi. Adabu tulishaiacha Olmotonyi.

Daktari akasema mtoto kupitisha siku mbili tatu peke yake si balaa, kama choo ni laini na anacheza na anakula. Ila ikiwa anaumia, au wiki inakatika, au kuna damu, au nguo zinachafuka, usikae nyumbani unakisia. Na tumbo likivimba na anatapika, hasa matapishi ya kijani, hiyo ni siku hiyohiyo, usisubiri kesho. Kichanga naye hasubiriwi.

Kisha akamgeukia Eli. Akavuta kiti akakaa chini kidogo ya usawa wake.

"Eli, shuleni choo kipo?"

Eli akatikisa kichwa kukubali.

"Unakwenda?"

Akanitazama mimi. Akamtazama daktari. Akanitazama tena mimi, halafu akasema polepole, neno moja moja, kwa kile Kiingereza nilichokuwa najivunia:

"Daddy, may I speak Swahili?"

Wakuu.

Mtoto anaumwa, tumbo limejaa mawe, anaulizwa na daktari, na anaomba kwanza ruhusa.

Nikasema, "Ongea baba."

Akaongea kama mtu aliyefunguliwa kamba. Kwamba kwenda chooni darasani unasimama mbele ya wote, unasema sentensi nzima ya Kiingereza. Mara ya kwanza aliikosea, darasa likacheka, mmoja akamuigiza. Mara ya pili ilikuwa imembana sana, akasema kwa Kiswahili, akavishwa kibao. Tangu hapo akaamua kusubiri mpaka afike nyumbani.

"Na nyumbani je?" daktari akauliza.

Eli akainama.

"Nilimwambia baba. Akatazama ukuta."

Nilikumbuka. Siku fulani nahesabu mzigo, amekuja anarukaruka mlangoni, "Baba naomba uje unishike, naogopa choo kinauma." Choo chetu kilikuwa cha shimo, nje, na alikuwa anakiogopa. Mimi nikageukia ukuta nikasema, "In English." Akasimama kidogo, akajaribu, maneno hana, akaondoka. Nikaendelea kuhesabu.

Bibi akatoka nje ya chumba. Daktari akavuta karatasi, akaanza kuandika dawa.

Tiba haikuwa ya ajabu. Dawa ya kuzuia kuharisha ilitupwa. Alipewa dawa ya kulainisha choo, siku za mwanzo nyingi ili kuondoa kilichojaa, kisha kidogo kila siku kwa miezi. Maji, maharage, papai, parachichi, vyote tulivyokuwa tumemnyima. Baada ya kula anakaa chooni dakika chache bila kukimbizwa, miguu imekanyaga kitu, nikamtengenezea boksi la spea. Na marufuku kumgombeza kwa chupi.

Kosa letu jingine: alipokaa sawa wiki kadhaa tukaacha dawa wenyewe. Ikarudi. Tukaanza upya. Ilichukua karibu mwaka mzima mpaka mwili wake ukazoea.

Shuleni nilikwenda kufoka. Njia nzima nilipanga maneno ya Kiingereza. Nilipofika yakapotea yote, nimesimama mbele ya mwalimu wake, binti mdogo tu. Akaniambia, "Ongea Kiswahili tu mzazi, hamna shida."

Sikujua nicheke au nilie. Nilimweleza. Aliziba mdomo kwa kiganja, akasema hakujua. Tangu siku hiyo mtoto wa darasa lake akinyoosha mkono na kusimama anakwenda, hakuna sentensi. Eli akarudi kukaa na wenzake. Kosa lilikuwa la shule, la yule mwalimu au langu? Mpaka leo sijapata jibu lililonyooka, ila ukuta ulikuwa wangu.

Mama mkwe tulirudi kwenye shikamoo, mvua na kahawa mpaka alipofariki. Hatukulizungumzia tena. Ila kila nilipopanda Olmotonyi nilikuwa napita kwanza kwenye mfereji, nikikuta jiwe nalitoa.

Eli sasa ni baba. Krismasi iliyopita sebule yangu imejaa wageni wa heshima, mchungaji yupo, mjukuu wangu wa miaka minne akasimama katikati akapiga kelele, "Babu, nataka kunya!" Mama yake akataka kuzama chini ya kochi. Watu wakacheka.

Mimi nikaacha sahani, nikamshika mkono tukaenda. Eli alikuwa ananitazama. Alisogeza kiti tupite.

Dada uliyeuliza jana: siku ya sita na analia, mpeleke leo. Papai litakukuta hospitali.

Na wenzangu wenye watoto, kabla hujaniandikia chochote hapo chini, muulize mwanao choo cha shule kikoje na huwa anaombaje kwenda. Mwache aongee lugha anayotaka. Halafu njoo utuambie alijibu nini.